Njia za Kondoo, Njia za Treni: Hispania ya Vijijini kwa Baiskeli

Katika jimbo la Cáceres, magharibi mwa Hispania, kuna tao la mawe lililosimama peke yake porini. Mji wa Cáparra uliolizunguka ulihamwa karne nyingi zilizopita. Kilichobaki ni misingi ya nyumba, vipande vya nguzo na tao hilo lenye miguu minne, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 1 pale barabara kuu mbili za mji zilipokutana. Barabara bado inapita chini yake. Anayetoka kusini kwa baiskeli hupita kwanza kwenye malisho ya mialoni na milango ya waya: anafungua, anapitisha baiskeli, anafunga tena ili ng'ombe wasitoke. Kisha huingia upande mmoja wa tao na kutokea upande wa pili, mahali walipopita askari, wafanyabiashara na wachungaji kwa takriban miaka 1,900.

Kwamba Warumi walijua kujenga kila mtu anafahamu. Linalonigusa mimi ni kwamba mtu asiye na cheo wala kibali, mwenye mkoba nyuma ya tandiko na chupa ya maji tu, bado ana haki ya kupita hapo. Haki hiyo ina historia yake, na historia hiyo ndiyo unayoikanyaga kwa pedali kila unapoingia Hispania ya vijijini. Kila zama zilichonga njia kwa ajili ya mzigo wake: dhahabu, sufu, maombi, madini ya chuma, mafuta ya zeituni. Mzigo ulipokwisha, njia nyingine zilimezwa na mashamba ya watu. Zilizosalia zilisalia kwa sababu zilikuwa mali ya umma.

Mwaka 25 KK Kaisari Augusto aliamuru ujengwe mji wa Emerita Augusta, Mérida ya leo, kwa ajili ya askari wake waliostaafu. Kutoka hapo barabara ilielekea kaskazini hadi Astorga, karibu na machimbo ya dhahabu ya Las Médulas, ambako Warumi waliingiza maji kwa nguvu ndani ya vilima mpaka vikaporomoka. Daraja la Mérida juu ya Mto Guadiana, lenye urefu wa karibu mita 790, lilibeba magari hadi mwaka 1991, daraja jipya lilipofunguliwa. Sasa ni la waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Wengi hudhani barabara za Kirumi zilikuwa mabamba makubwa ya mawe mwanzo hadi mwisho. Nje ya miji, nyingi zilikuwa tabaka za mawe zilizofunikwa kwa changarawe, uso unaolifaa tairi pana la baiskeli kuliko vile mtu angetarajia.

Kuanzia mwaka 711 sehemu kubwa ya Hispania ya leo ilitawaliwa na Waislamu, na mkono wao unaonekana zaidi kwenye maji. Katika Alpujarra, miteremko ya kusini ya Sierra Nevada, mifereji waliyoichimba bado inashusha maji ya theluji hadi kwenye matuta ya mashamba, na vijiji kama Capileira na Pampaneira vina nyumba za paa bapa zinazofanana na zile za milima ya Atlas ng'ambo ya bahari. Wazao wa waliozijenga waliasi mwaka 1568, wakashindwa, wakatawanywa mbali. Kati ya mwaka 1609 na 1614 jamii yao nzima, Wamorisko, ilifukuzwa Hispania. Wakristo walioletwa kutoka kaskazini kujaza vijiji vitupu walikuta mifereji tayari, wakaitumia. Anayejaza chupa yake kwenye bomba la uwanja wa kijiji huko hana budi kulikumbuka hilo.

Lakini aliyefungua njia nyingi kuliko wote ni kondoo. Nyanda za Hispania hukauka wakati wa kiangazi, na milima hufunikwa na theluji wakati wa baridi, kwa hiyo wachungaji walihama na mifugo mara mbili kwa mwaka: vuli kushuka Extremadura na Andalusia, masika kupanda milima ya León na Soria, safari za mamia ya kilomita kwa miguu. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso X aliwapa wafugaji wa Castilla chama chenye nguvu za kisheria, Mesta. Njia kuu zao, zilizoitwa za kifalme, zilitakiwa kuwa na upana wa vara 90, yaani mita 75 hivi. Fikiria barabara yenye upana huo, isiyo na lami wala mawe, majani matupu, ikikata nchi kutoka kaskazini hadi kusini. Karne ya 16 ilipoanza, kondoo wa merino karibu milioni 3 walikuwa wakizitumia, na sufu yao ilipelekwa Burgos, kisha bandari za kaskazini, hadi kwa wafumaji wa Flanders.

Mesta haikuwa ya huruma. Ilibebwa na wafalme waliotegemea kodi za sufu, na mkulima ambaye kondoo walimkanyagia ngano mara nyingi alikwenda kushtaki mbele ya mahakimu wa chama kilekile. Ilipofutwa mwaka 1836 wakulima wengi hawakuilalamikia. Ila baada yake kila mwenye shamba kando ya njia alisogeza ukuta hatua chache, mwanawe akasogeza chache zaidi, na mahali pengine mita 75 zikabaki ujia wa kupita punda mmoja. Kinga kamili ilikuja na sheria ya mwaka 1995: njia za mifugo ni mali ya umma, haziuzwi, haziwezi kushikwa kwa ajili ya deni, na hakuna anayezimiliki kwa kuzikalia muda mrefu. Zinakadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 125,000 nchi nzima. Kwangu mimi hiyo ni moja ya sheria nzuri za ardhi zilizopitishwa Ulaya katika karne iliyopita, na inastahili kujulikana nje ya Hispania kuliko inavyojulikana.

Njia ya mahujaji kwenda Santiago de Compostela haihitaji maneno mengi, kwa kuwa sifa zake zimeenea. Linalosahaulika ni jinsi ilivyokaribia kufa. Katikati ya miaka ya 1980 waliofika na kuandikishwa kwa mwaka mzima hawakutimia elfu moja. Padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, ndiye aliyezunguka na rangi ya njano mwaka 1984 akichora mishale kwenye miti, mawe na pembe za nyumba, ili mgeni asipotee. Mwaka 2023 waliofika walizidi 440,000. Wengi huenda kwa miguu. Mwenye baiskeli anatakiwa kukamilisha walau kilomita 200 za mwisho ili apewe cheti.

Kisha ikaja reli. Hispania bara ilipata treni yake ya kwanza mwaka 1848, kati ya Barcelona na Mataró, na kwa miaka themanini iliyofuata kila jimbo lilitaka yake. Njia ya Plasencia hadi Astorga, iliyofunguliwa mwaka 1896, iliifuata ile barabara ya Kirumi karibu hatua kwa hatua, ikipita Béjar, mji uliokuwa ukiishi kwa kufuma sufu. Ile ya Jaén, ya mwaka 1893, ilibeba mafuta kutoka jimbo ambalo leo lina mizeituni zaidi ya milioni 60. Huko Teruel, kampuni ya machimbo ya Ojos Negros ilishindwa kuelewana na wenye reli iliyokuwepo kuhusu nauli ya chuma chake, ikajenga reli yake hadi Sagunto baharini, sambamba na ile ya kwanza kwa masafa marefu. Reli mbili zikipita bonde moja katika nchi yenye watu wachache!

La kusikitisha zaidi liko Andalusia. Miaka ya 1920 serikali ilianza reli ya kuvuka milima kati ya Jerez na Almargen. Vibarua walipasua miamba, wakajenga madaraja marefu na stesheni. Halafu fedha zikakauka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka mwaka 1936, na mradi ukaachwa. Kati ya Olvera na Puerto Serrano kuna kilomita 36 zenye mahandaki 30 ambazo hazikuwahi kupitiwa na treni hata moja.

Baiskeli ya Kihispania yenyewe ilizaliwa kwenye karakana za bunduki. Eibar, mji mdogo wa Wabaski, uliishi kwa kutengeneza silaha, na Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha wateja walipungua. Mafundi waliozoea mitutu walikuwa na mashine za kukata na kutoboa mabomba ya chuma, na fremu ya baiskeli ni mabomba. Ndivyo BH, GAC na Orbea zilivyohama kutoka bastola hadi baiskeli. Mwaka 1935 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kuizunguka Hispania, Vuelta, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,400. Lakini kijijini baiskeli ilikuwa ya kazi. Federico Bahamontes wa Toledo, Mhispania wa kwanza kushinda Tour de France, mwaka 1959, alijenga mapafu yake akisafirisha bidhaa za magendo kwa baiskeli katika miaka ya njaa baada ya vita. Na mwaka 1941 mwandishi Miguel Delibes, kijana aliyekuwa ameshikwa na mapenzi, aliendesha kutoka Molledo hadi Sedano, takriban kilomita 100 za milima, kwenda kumwona mchumba wake.

Vijiji alivyovipita Delibes vilikuwa vimejaa watu. Miaka ya 1950 hadi 1970 matrekta yalichukua kazi za mashambani, viwanda vya Madrid, Barcelona na Bilbao vikaita, na mamilioni wakaondoka. Soria leo haina hata watu 10 kwa kilomita moja ya mraba. Wengine waliondolewa. Granadilla, si mbali na Cáparra, ni kijiji kilichozungukwa na ukuta wa enzi za Waislamu. Mwaka 1955 serikali iliamuru kihamwe kwa ajili ya bwawa la Gabriel y Galán, na kufikia mwaka 1964 familia za mwisho zilikuwa zimekwenda. Maji yalijaa, yakameza mashamba na barabara, yakasimama chini ya ukuta. Nyumba hazikuzama. Tangu mwaka 1984 wanafunzi hupelekwa huko kukarabati majengo, lakini hakuna anayeruhusiwa kuishi. Waliozaliwa humo na watoto wao hurudi kila Novemba 1 kuyatembelea makaburi. Sijui uamuzi wa kiserikali unaouma zaidi ya huo: watu kupoteza kijiji kwa sababu ya maji ambayo hayakufika mlangoni.

Reli nazo zilifuata mkondo huo. Machimbo ya Ojos Negros yaliacha kutumia yake mwaka 1972. Treni za abiria za Plasencia hadi Astorga zilikoma mwishoni mwa mwaka 1984. Ila udongo wa reli ulibaki mikononi mwa umma, na hapo ndipo bahati ilipokuwa. Mwaka 1993 ulianza mpango wa kuzigeuza kuwa njia za kijani, na sasa zimevuka kilomita 3,000. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo mtoto, mzee na mwenye kiti cha magurudumu huvuka milima ambayo zamani ilihitaji miguu ya Bahamontes. Stesheni za Olvera na Puerto Serrano, zilizongoja abiria miaka mingi, sasa zinawapokea wageni, na tumbusi wa jabali la Zaframagón huzunguka juu ya njia.

Sitadai kwamba baiskeli itavirudishia vijiji watoto wa shule. Mgeni anakula migas, chakula kile cha wachungaji cha mkate uliovunjwavunjwa na kukaangwa kwa kitunguu saumu, analala usiku mmoja, anaondoka. Hata hivyo baa moja isiyofungwa ni jambo kubwa mahali ambapo duka, benki na zahanati vimeshafungwa, na wazee wa kijiji ndio wa kwanza kulisema hilo.

Kondoo nao hawajaisha. Makundi machache bado husafiri kwa miguu, na ile sheria ya mwaka 1995 iliwafikiria: inaruhusu baiskeli kwenye njia za mifugo kwa sharti kwamba mifugo ipewe nafasi kwanza. Anayekutana na kundi hushuka na kukaa pembeni mpaka lipite, hata likichukua nusu saa. Mbwa wakubwa wa ulinzi hutembea na kondoo, na kukanyaga pedali kwa kasi mbele yao ni kuwaita wakufukuze.