Mlima Rubavu na Mpaka wa Bugoyi

Mlima Rubavu, unaoinuka juu ya mji wa Gisenyi, nchini Rwanda, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, hautajwi sana na wasafiri, kwa kuwa macho yao huvutwa na safu ya volkano za Virunga iliyo jirani, ambamo Karisimbi hufikia mita 4,507 na Nyiragongo, upande wa Kongo, ingali hai. Hata hivyo, anayetaka kuielewa nchi hii afadhali aanze na mlima huu mtulivu, kwani mpanda kwa miguu huona kwa pamoja ziwa, mji wa Goma ulio Kongo na mpaka unaoutenganisha na Gisenyi.

Ziwa lenyewe ni zao la volkano hizo, ambazo ziliziba bonde la ufa na kuyazuia maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini, hata yakajaa na kutafuta njia ya kusini kupitia Mto Rusizi hadi Tanganyika. Kwenye udongo wa volkano wenye rutuba palistawi Bugoyi, yaani eneo la kale linalouzunguka mji wa Gisenyi, ambako ardhi ilimilikiwa kwa desturi ya ubukonde: ukoo uliofyeka msitu wa kwanza ulibaki na haki juu ya shamba, na waliokuja baadaye, waitwao abagererwa, walilima kwa idhini yake na kuulipa sehemu ya mavuno. Desturi hiyo ilidumu kwa nguvu hata pale utawala wa mwami, yaani mfalme wa Rwanda, ulipozidi kujikita huku, na inastahili kukumbukwa kuliko tarehe za wakoloni.

Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ziwani mwaka 1894, baada ya kuonana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri. Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana juu ya mipaka, na kisiwa cha Ijwi, kilichomo ziwani, kikaachwa kwa Wabelgiji bila wenyeji kuulizwa. Vita vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani walikiteka kisiwa hicho, nao maaskari wao pamoja na ruga-ruga, yaani wapiganaji wasaidizi wa Kiafrika, chini ya ofisa Max Wintgens wakaulinda mpaka wa Gisenyi hadi Mei 1916, walipolazimika kuuacha kwa sababu Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuingia Kigali.

Siku hizi hatari iliyo kubwa zaidi ni ya mvua na ya ardhi yenyewe: matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 yalipasua nyumba mjini Gisenyi, na mwanzoni mwa Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, huku Mto Sebeya ukifurika. Miti ya miteremkoni, inayoushikilia udongo, basi si pambo la watembeaji pekee, na yeyote apandaye Rubavu na aiache imesimama.