Kupasua Maiti Unyakyusa na Elimu ya Kupandikiza Ini

Dai linalorudiwa mara nyingi katika maandishi kuhusu tiba barani Afrika, kwamba mila za Waafrika hazikuruhusu mwili wa marehemu kupasuliwa, haliungwi mkono na historia ya Rungwe, nchi ya Wanyakyusa huko Tanzania. Wamisionari wa Moravian waliofika huko mwaka 1891, na Wajerumani waliojenga boma lao Tukuyu na kuliita Neu-Langenburg, walileta zahanati, daftari na sheria za serikali, lakini wazo la kutafuta chanzo cha kifo ndani ya tumbo la marehemu Wanyakyusa walikuwa nalo wenyewe.

Habari za mila hiyo zinajulikana zaidi kupitia Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, wakati wilaya ya Rungwe ilipokuwa ikijumuisha pia eneo ambalo leo ni Kyela. Godfrey alifariki mwaka 1944, na mkewe ndiye aliyeandika vitabu vilivyofuata. Kwa maelezo ya Monica Wilson, Wanyakyusa waliamini kwamba uchawi ni kitu kinachoshikika: chatu aliyemo tumboni mwa baadhi ya watu, anayerithiwa, na anayeweza kuonekana maiti inapopasuliwa. Wachawi, walioitwa abalosi, walisemekana kuruka usiku juu ya chatu hao, wakawatafuna watu kwa ndani na kunyonya viwele vya ng'ombe hadi maziwa yakauke. Mtu aliyeshtuka usingizini akitokwa jasho, akihisi amekabwa koo, alijua ni nani waliomjia; na hapa inafaa kukumbuka kwamba yote hayo yalisimuliwa kuwa mambo ya ndotoni, wala si visa vilivyoshuhudiwa mchana.

Kwa nini uchawi uhusishwe na tamaa ya nyama na maziwa? Jibu la Wilson lilitokana na mpangilio wa makazi. Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya rika, yaani vijiji ambamo wanaume waliozaliwa karibu miaka ileile walijenga pamoja badala ya kukaa na baba na kaka zao. Kijiji kama hicho kiliitwa ikipanga, na sifa yake kuu ilikuwa ukwangala, raha ya kula, kunywa na kuzungumza na wenzako walio sawa nawe. Mwenye kula peke yake aliuvunja msingi wa maisha hayo, na kwa hiyo majirani, zaidi ya ndugu wa damu, ndio walioogopwa. Kulikuwa pia na abamanga, walinzi wa kijiji, ambao nao walidhaniwa kuwa na nguvu ya chatu ila waliitumia kuwaadhibu wakosaji. Tumbo likishapasuliwa, basi, lilitoa ushahidi juu ya uhusiano wa walio hai. Swali halikuwa tu nini kimemuua marehemu. Lilikuwa pia nani, na kwa sababu gani.

Mila hiyo haikuwa ya Rungwe tu. Miongoni mwa Wazande, wanaoishi kaskazini-mashariki mwa Kongo na nchi jirani, E. E. Evans-Pritchard aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1937 kwamba uchawi ulidhaniwa kuwa kifuko cheusi chenye umbo la yai, kilichoshikamana na ukingo wa ini. Utaratibu wenyewe ulifanyika hadharani. Tumbo lilichanjwa pande mbili, ncha moja ya utumbo ikabanwa katika tawi lenye panda, na mtu mmoja akaushika utumbo huo na kutembea nao akiukunjua, huku wazee wakifuata kando wakiukagua. Ukikutwa safi, jamaa wa marehemu waliweza kuwapiga nao usoni wale waliomsingizia ndugu yao. Kwa kuwa uchawi ulirithiwa, jina la ukoo mzima lilikuwa hatarini, na kwa hiyo jamaa wenyewe walikuwa na sababu ya kutaka kisu kitumike na jibu litangazwe palepale.

Serikali ya Waingereza iliubadilisha mpangilio huo. Sheria ya uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilifanya kumtuhumu mtu uchawi nje ya taratibu za serikali kuwa kosa, na hivyo ikawalinda wengi waliokuwa wakifukuzwa au kuteswa kwa tuhuma zisizothibitika. Uchunguzi wa maiti uliobaki halali ni ule wa daktari, na majibu yake yaliandikwa kwa ajili ya polisi na mahakama. Jamaa waliokuwa wakisimama kando ya mwili walibaki nje ya mlango, na huenda sehemu kubwa ya ukaidi wa kukataa maiti ipasuliwe, uliolaumiwa baadaye, ilianzia hapo.

Elimu ya kupandikiza ini, yaani kuondoa ini lililoharibika na kuweka jingine kutoka kwa mtu mwingine, ilijengwa pia juu ya miili iliyopasuliwa baada ya kifo. Thomas Starzl alipofanya upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kwa binadamu mjini Denver, Marekani, Machi 1963, mgonjwa wake, mtoto wa miaka 3, alifariki mezani kwa kutokwa damu isiyoganda. Waliofuata hawakufikisha mwezi, na maiti zao zilipopasuliwa ikabainika kwamba mabonge ya damu yaliyotokana na mirija ya kuizungusha damu wakati wa upasuaji yalikuwa yamekimbilia kwenye mapafu. Starzl alisitisha kazi, akarudia mwaka 1967 na kupata wagonjwa walioishi zaidi ya mwaka. Hata hivyo, hadi dawa ya saiklosporini, inayozuia kinga ya mwili kulishambulia ini geni, ilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, wengi wa waliopandikizwa hawakufikisha mwaka mmoja. Leo, katika hospitali zenye uzoefu, zaidi ya 8 kati ya 10 huufikisha.

Tukirudi Rungwe, Tukuyu yenyewe ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Utafiti wa huko umeshughulika sana na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi; ugonjwa huo huwasha ngozi na kupofusha macho. Vipimo vyake vilihitaji vipande vidogo vya ngozi vilivyonyofolewa kwa wanavijiji walio hai, nao walivitoa.

Tanzania ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2017, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa figo iliyotolewa na ndugu aliye hai. Ini pia linaweza kutolewa hivyo, kwa kuwa kipande kinachobaki kwa mtoaji hukua tena, na njia hiyo humrudisha ndugu katikati ya tiba, mahali ambapo daftari la polisi lilimwondoa. Kwa mtoto anayezaliwa Rungwe leo, hata hivyo, kinga iliyo karibu zaidi dhidi ya kuharibika kwa ini ni chanjo ya homa ya ini aina ya B, inayotolewa kwa watoto wachanga nchini tangu mwaka 2002.