Brutus na Sura Yake Kwenye Fedha

Waliosoma Injili wanaikumbuka dinari iliyoletwa mbele ya Yesu alipoulizwa habari za kodi. Juu yake ilikuwa sura ya Kaisari. Lakini dinari haikuanza na sura za watawala.

Ilianza kupigwa Roma yapata mwaka 211 kabla ya Kristo, nayo ilikuwa fedha kweli, madini yenyewe. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mungu wa kike aliyeitwa Roma. Upande wa pili mapacha Castor na Pollux wamepanda farasi. Baadaye wasimamizi wa upigaji wa fedha wakaanza kutukuza mababu zao. Sawa, babu ni marehemu. Kuweka sura ya mtu aliye hai kulikuwa mambo ya wafalme, na Warumi walikwisha kumfukuza mfalme wao wa mwisho karne nyingi nyuma.

Marcus Brutus alijihesabu kuwa wa ukoo wa aliyeongoza kumfukuza mfalme huyo. Mwaka 54, akiwa msimamizi wa fedha, alipiga dinari yenye sura ya babu huyo, na nyingine yenye kichwa cha mungu wa Uhuru.

Mwanzoni mwa mwaka 44 Julius Caesar, kwa idhini ya Senati, aliweka sura yake mwenyewe, shingo imekunjamana, pamoja na maneno ya kumtaja mtawala wa maisha. Tarehe 15 Machi akauawa kwa majambia kikaoni. Brutus alikuwa miongoni mwa wauaji.

Akakimbilia mashariki, akakusanya jeshi, na jeshi hulipwa. Dinari yake ya mwaka 43 hadi 42 ina majambia mawili, na katikati kofia aliyovishwa mtumwa anapoachwa huru. Chini zipo herufi EID MAR, kifupisho cha tarehe ya mauaji. Hata askari asiyejua kusoma aliyaelewa majambia yale.

Sasa igeuze. Upande wa mbele upo uso wa Brutus mwenyewe, angali hai! Wako wanaomtetea kwamba askari sharti amjue anayemlipa. Mimi nasema mababu wa kuwachora alikuwa nao.

Oktoba mwaka 42 alishindwa vitani Philippi, kaskazini mwa Ugiriki, akajiua. Waliomshinda, Marcus Antonius na Octavian, nao walikwisha weka nyuso zao kwenye dinari.