Barua Iliyompeleka Mhariri Gerezani

Kikundi chetu cha uandishi kule Nakivale hakina gazeti, kina madaftari. Mtu akiandika hadithi au shairi, daftari linazunguka nyumba hadi nyumba, na kila msomaji anaandika maoni yake kwenye kurasa za nyuma. Hata baada ya kuanza chuo na kuhamia Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi kutoka mjini Mbarara, nimebaki kuwa mtunza daftari. Ninaporudi kambini wakati wa likizo, ninasoma maoni yote kabla daftari halijarudishwa kwa mwandishi wake.

Mwaka jana nilichana ukurasa mmoja. Hadithi ilihusu foleni ya maji. Msomaji mmoja, baba wa makamo aliyekimbia Kongo kama sisi, aliandika kwamba watu wanasema msimamizi wa bomba huwatanguliza wa kabila lake. Nilipoona neno kabila niliogopa. Nilichana ukurasa, nikaukunja, nikautia mfukoni. Baba yule hakuandika tena.

Insha hii imetokana na ukurasa huo. Nilipokuwa nikisoma historia ya Uganda nilikutana na maneno yanayofanana sana na yale niliyoyachana, lakini mhariri wake aliyachapa. Nilitaka kujua kwa nini aliyachapa, na yalimgharimu nini.

Mhariri huyo ni Rajat Neogi. Alizaliwa Kampala mwaka 1938 katika familia yenye asili ya Kihindi, na mwaka 1961 alianzisha jarida la Transition katika mji huohuo. Wakati huo alikuwa na umri unaokaribiana na wa wengi wetu tunaoandika katika mkusanyo huu. Jarida lilichapa kazi za waandishi wakubwa wa Afrika, lakini wasomaji wengi walipenda pia sehemu ya barua. Neogi hakuwachagua wanaomsifu tu. Mwaka 1963, Obi Wali wa Nigeria aliandika humo kwamba fasihi ya Afrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya haina njia ya kwenda mbele. Waandishi waliojulikana, wakiwemo Ezekiel Mphahlele na Wole Soyinka, walijibu kwa barua, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Mwaka 1966, Ali Mazrui alimkosoa Kwame Nkrumah muda mfupi baada ya kupinduliwa, na barua za hasira zikamiminika. Zilichapwa pia. Sisi tunaosoma Kiswahili chuoni bado tunaulizana swali lile la Obi Wali. Lisingetufikia kwa uzito huo kama mhariri angeogopa kelele.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilifuta falme na kuleta katiba mpya. Abu Mayanja, wakili na mbunge, aliikosoa katiba hiyo waziwazi katika Transition. Mwaka 1968, Picho Ali, aliyekuwa karibu na serikali, aliandika katika jarida hilohilo kwamba majaji wanapaswa kufuata itikadi ya taifa. Mayanja akamjibu kwa barua. Alitetea uhuru wa mahakama na kulalamika kwamba Waafrika wa Uganda walikuwa hawateuliwi kuwa majaji wa Mahakama Kuu. Kisha akataja uvumi uliokuwa ukizunguka kati ya wanasheria, kwamba majina yalikuwa yamependekezwa lakini hayakuthibitishwa, hasa kwa sababu za ukabila. Yeye mwenyewe alisema hauamini uvumi huo. Lakini alikuwa ameuandika, na Neogi akauchapa.

Oktoba 1968 wote wawili walikamatwa. Walishtakiwa kwa uchochezi, na sheria iliyotumika ilikuwa na asili ya kikoloni. Mapema mwaka 1969 mahakama iliwaachia huru, lakini walikamatwa tena papo hapo na kuwekwa kizuizini chini ya kanuni za hali ya hatari, ambazo hazikuhitaji hukumu ya hakimu. Neogi alitoka Machi 1969. Mayanja alishikiliwa hadi mwaka 1970. Jarida lilihamia Ghana, na Kampala ikapoteza sehemu ambapo mtu wa serikali na mpinzani wake waliweza kujibizana katika kurasa zilezile.

Je, Neogi alikosea? Mwanzoni nilitaka kuandika kwamba hakukosea hata kidogo, kwa sababu aliyefungwa bila hatia anastahili kutetewa. Lakini mtunza daftari ni lazima aisome barua kama mhariri. Sentensi ya uvumi ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote katika barua ile. Mhariri angeweza kumwuliza Mayanja: wanasheria gani wanasema hivyo, na unajua nini wewe mwenyewe? Hata hivyo, dawa ya sentensi dhaifu ilikuwapo tayari: toleo lililofuata. Picho Ali au waziri yeyote angeweza kuandika, "Huo ni uongo, na ukweli ni huu." Serikali iliiacha njia hiyo ikatumia polisi, na kwa hiyo ule uvumi haukujibiwa.

Msomaji anaweza kunipinga kwa kutaja nchi jirani. Nami ningemwelewa, kwa sababu Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupokea Watutsi waliokimbia Rwanda, na baada ya mwaka 1994 ilipokea Wanyarwanda wengine. Mwaka 1990 gazeti la Kangura lilichapa zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu, zilizowataka Wahutu wasioane na Watutsi wala kufanya nao biashara. Kuanzia Julai 1993 redio RTLM ilipanda chuki, na wakati wa mauaji ilitaja majina ya watu na mahali walipo ili wawindwe. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mhariri wa Kangura na viongozi wawili wa redio ile. Kwa hiyo hofu yangu siku ile haikuwa ya kijinga. Neno kabila limeua watu, nasi wengine tuko Uganda kwa sababu yake.

Lakini nikiweka Kangura na barua ya Mayanja pamoja, ninaona tofauti ambayo sikuiona nilipochana ukurasa. Mayanja aliuliza jinsi wenye madaraka wanavyotumia madaraka yao. Alikuwa anamjibu mtu aliyeandika kabla yake, na aliacha nafasi ya kujibiwa. Kangura haikuwa inamwuliza mtu swali. Iliwahukumu watu wote wa kabila moja, hata mtoto aliyezaliwa jana. Neno kabila limo katika maandishi yote mawili, kwa hiyo mtunza barua hawezi kuamua kwa kutafuta neno. Inambidi aangalie neno hilo limeelekezwa kwa nani, na kama aliyetajwa amebakiziwa nafasi ya kujieleza.

Jambo jingine ni jina. Mayanja aliweka jina lake, akafungwa. Kambini mtu anayemsema msimamizi anakutana naye bombani kesho yake asubuhi. Nadhani mtunza daftari anapaswa kulijua jina la mwandishi, lakini pale penye hatari alifiche, na lawama ikija iwe yake. Neogi hakuiandika barua ile, lakini alifungwa kwa ajili yake. Kazi hii ina gharama hiyo, nami nilipoipokea sikuwa nimeifikiria.

Likizo iliyopita nilimpelekea yule baba ukurasa wake. Nilimwambia, "Papa, nisamehe, niliuchana mimi." Aliuangalia kwa muda, kisha akasema, "Mtoto wangu, ungeniuliza kwanza. Mimi nilihesabu madumu asubuhi tatu."

Alikuwa amehesabu! Hakuandika hesabu hiyo kwa sababu aliona "watu wanasema" inatosha, nami nilichana bila kuuliza. Tulikaa nje ya nyumba yake akaandika upya: siku ngapi, madumu mangapi, nani alitangulizwa na nani aliachwa. Neno kabila alilitoa mwenyewe. Tuliacha nafasi chini yake, na daftari tukalipeleka kwanza kwa msimamizi wa bomba ili ajibu. Nilipoondoka kurudi Nyamitanga alikuwa bado nalo.