Nyumba ya babu na vitu vya bibi: namna ya kuipamba bila kuiharibu

Msikilizaji, katika vijiji vyetu vya Iringa na Mbeya bado zipo nyumba nyingi za tofali zilizojengwa na babu zetu. Kuta ni nene, madirisha ni madogo ya mbao, na kwenye kona kuna pasi ya mkaa, chemli, kigoda na chungu ambacho hakuna anayekumbuka kilinunuliwa lini. Kijana anaporudi nyumbani na fedha kidogo, mara nyingi huanza kwa kutupa vitu hivyo nje, kupiga saruji ukutani na kununua makochi. Leo tunaeleza njia nyingine: kuipamba nyumba hiyo kwa vitu vyake yenyewe na kwa kazi za mikono za mafundi wetu.

Anza na ukuta

Nyumba nyingi za zamani ni za tofali mbichi zilizounganishwa kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji kidogo wakati wa mvua na kuyatoa jua linapowaka. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani. Tofali hulainika taratibu bila wewe kuona, kisha lipu hubanduka kwa mapande makubwa. Huku kwetu kwenye ukungu na baridi ya Juni na Julai, unyevu ndio adui wa kwanza wa nyumba na wa kila utakachokitundika ndani yake.

Kwa hiyo kwanza ziba panapovuja na chimba mfereji wa kuondoa maji ya mvua karibu na msingi. Kisha rekebisha ukuta kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, kama walivyofanya wazee. Ukikauka vizuri, paka chokaa. Chokaa hupitisha unyevu na huongeza mwanga katika nyumba yenye madirisha madogo. Lakini inaunguza ngozi na macho, hivyo vaa glavu na uwaweke watoto mbali unapoichanganya.

Jambo jingine: msumari haushiki vizuri kwenye tofali mbichi. Vitu vizito vitundike kwenye boriti au kenchi kwa kamba. Vyungu na mitungi iweke chini au kwenye meza imara, wala si kwenye rafu iliyo juu ya kichwa cha mtoto.

Vitu vya zamani: kipi kibaki, kipi kiangaliwe

Kigoda, kinu, ungo, mkeka, pasi ya mkaa na karabai ni mapambo tayari. Kazi yake ni kusafishwa tu. Chuma chenye kutu kisugue kwa brashi ya waya, kisha pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Chemli na karabai za mapambo zisiwe na mafuta ya taa ndani.

Mbao zenye vitundu na unga mwepesi chini yake zina wadudu wanaozila. Usiziingize ndani kabla ya kuzitibu kwa dawa ya mbao, maana wadudu hao wanaweza kuhamia kwenye milango na kenchi. Vikapu na mikeka ianikwe juani mara kwa mara, na isigandamane na ukuta, la sivyo itaota ukungu.

Tahadhari kubwa ni rangi. Rangi nyingi za mafuta za zamani, kwenye milango, madirisha na vitanda, zilikuwa na madini ya risasi. Madini haya ni sumu, na humdhuru zaidi mtoto mdogo kwa kuathiri ubongo wake. Usiikwangue ikiwa kavu wala usiichome. Ilowanishe kwanza, funika pua na mdomo, kusanya mabaki yote, na watoto na wajawazito wakae mbali. Mbao yenye rangi hiyo isiwe kuni.

Redio za zamani zenye kasha la mbao sisi tunazipenda kuliko wengi. Iweke sebuleni ipendeze, lakini usiichomeke kwenye umeme kabla fundi hajaifungua. Zile zenye valvu zinaweza kubaki na umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa. Kama ni ya betri, toa betri zilizovuja.

Kazi za mikono za kwetu

Huna haja ya kuagiza mapambo mbali. Iringa inajulikana kwa vikapu vya milulu, nyasi ndefu za majimaji ambazo akina mama wa Kihehe huzisuka. Kikapu kimoja kikubwa hubeba nguo au mahindi, na vidogo kadhaa vikitundikwa pamoja hupendezesha ukuta mzima. Mjini Iringa kuna pia Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo mafundi wenye ulemavu hufuma vitambaa, hushona na kutengeneza shanga huko.

Upande wa Kyela, wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vinavyojulikana nyanda zote hizi. Vyungu huvushwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, ambalo siku yake ni Jumamosi. Chungu kilichopasuka usikitupe: jaza udongo, panda ua, weka mlangoni.

Ukinunua, mwulize mfinyanzi au msusi jina lake na namna anavyofanya kazi. Na bei yake usiivunje mno. Kikapu ulichokiona dakika moja kimemchukua mama siku kadhaa, na asipolipwa vizuri binti yake hatajifunza.

Usiuze kabla ya kujua

Wapo watu wanaopita vijijini kununua vitu vya kale kwa fedha kidogo. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki kabla ya mwaka 1940. Vitu hivyo haviuzwi wala kutolewa nje ya nchi bila kibali. Ukifukua chungu cha ajabu shambani, au ukiwa na mkuki au ngao ambayo umri wake huujui, mwone kwanza ofisa utamaduni wa halmashauri yako.

Ukitaka kujifunza kutambua vitu hivyo, tembelea Makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga au Boma la Iringa mjini, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Boma lenyewe ni somo: jengo kuukuu lilikarabatiwa, halikubomolewa.

Cha kufanya wiki hii

Kama fedha ni kidogo, fuata mpangilio huu: paa, mfereji, ukuta, chokaa, kisha mapambo. Lakini kuna kazi moja isiyohitaji fedha wala kusubiri kiangazi. Chukua simu yako, piga picha kila kitu cha zamani kilichomo ndani, halafu kaa na bibi au babu umrekodi akieleza kimoja kimoja: kilitoka wapi, nani alikitengeneza, kilitumikaje, na kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa kinaitwaje. Chungu kinaweza kungoja mwaka ujao. Anayekijua jina lake ana umri mkubwa.