Chombo Kiendacho Juu na Kurudi

Mvuvi arudipo pwani haichomi ngalawa yake. Huivuta mchangani, akaitengeneza, na kesho akaenda nayo tena. Lakini kwa miaka mingi mafundi wa roketi walikuwa kama mtu apotezaye ngalawa kila safari. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi desturi hiyo ilivyogeuka.

Tarehe 12 Desemba 1970, karibu na Malindi, roketi iitwayo Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia walilisimamisha baharini. Ilichukua setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ikaitwa Uhuru. Nayo ilifanya kazi vema. Bali roketi yenyewe ilikwisha siku ile ile. Ilikuwa na vipande vinne, wala hapana hata kimoja kilichorudi kutumika tena. Ndiyo sababu moja iliyofanya safari hizo ziwe za gharama kubwa mno.

Wamarekani wakajaribu njia nyingine. Mwezi wa Aprili 1981 walirusha Columbia, chombo chenye mabawa, kikarudi na kutua kama ndege. Lakini vyombo vya namna hiyo vilidai matengenezo marefu na fedha nyingi, na tangi kubwa la nje lilipotea kila safari. Tena hatari haikuondoka: Challenger iliangamia mwaka 1986, na Columbia yenyewe mwaka 2003, na kila mara watu 7 walikufa. Mwaka 2011 vyombo hivyo vikastaafishwa.

Kampuni ya SpaceX nayo ilitaka kipande cha chini cha roketi yake Falcon 9, chenye injini 9, kirudi na kutua wima juu ya miguu yake. Mwanzoni mwa 2015 majaribio ya kutua juu ya chombo baharini yaliishia kwa kuvunjika. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Desemba ya mwaka ule kipande kimoja kiliwasha injini tena, kikapunguza mwendo, kikatua salama Florida. Machi 2017 kimoja kilichokwisha kutumika kikarushwa mara ya pili. Kipande cha juu hupotea bado. Hata hivyo, mwaka 2024 Falcon 9 ilirushwa zaidi ya mara 130.

Tarehe 15 Aprili 2023 roketi ya namna hiyo iliipeleka juu Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kupiga picha za nchi, kutoka California.

Basi tuyapime haya. Mwaka 1970 bahari ilikuwa ya Kenya, na setilaiti ya wageni. Mwaka 2023 setilaiti ni ya Kenya, na roketi ya wageni. Nauli ikipungua, wengi hupata kusafiri. Lakini abiria si nahodha, na elimu ya kuunda chombo haipatikani kwa kulipa nauli.