Nafasi Ndogo, Msanii Mkubwa: Faina Ranevskaya na Mamlaka ya Sanaa katika Urusi ya Kisovieti

Utangulizi

Anayeandika historia ya mwigizaji hukabiliwa na tatizo la ushahidi. Uigizaji wa jukwaani hutoweka pazia linapofungwa, na kinachosalia ni tahakiki za magazetini, picha mnato na kumbukumbu za waliokuwapo. Filamu hudumu zaidi, lakini huhifadhi tu kile ambacho wenye mamlaka waliruhusu kipigwe picha. Tatizo hili linajitokeza waziwazi katika maisha ya Faina Ranevskaya (1896–1984), mwigizaji wa Kirusi ambaye jina lake huambatanishwa na mambo mawili: nafasi fupi alizozifanya zisisahaulike, na misemo ya kejeli inayonukuliwa hadi leo. Makala hii inadai kwamba udogo wa nafasi zake katika filamu una historia yake, na kwamba wingi wa misemo anayohusishwa nayo umeificha historia hiyo badala ya kuifafanua.

Kutoka Taganrog hadi Moscow

Ranevskaya alizaliwa Agosti 1896 katika mji wa bandari wa Taganrog, kando ya Bahari ya Azov, mji uleule alikozaliwa mwandishi Anton Chekhov. Jina lake la ukoo lilikuwa Feldman. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Kiyahudi, na binti alipochagua jukwaa alikwenda kinyume cha matarajio ya nyumbani. Jina la kisanii alilichukua kwa Ranevskaya, mhusika wa tamthilia ya Chekhov iitwayo Bustani ya Micheri, mwanamke anayepoteza nyumba ya ukoo wake. Uteuzi huo ulikuja kupata maana ya ziada. Baada ya mapinduzi ya 1917 wazazi wake waliondoka Urusi, naye akabaki. Dada yake, Bella, alirejea kuishi naye baada ya takriban miongo minne.

Kubaki huko kulimpa mwalimu. Mwaka 1917, mjini Rostov, alikutana na mwigizaji Pavla Wulf, aliyemfunza kazi na kumpokea kama mtu wa familia yake. Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe waliipitisha Crimea, na kwa zaidi ya mwongo mmoja Ranevskaya alizunguka katika kumbi za mikoani kabla ya kupata nafasi ya kudumu Moscow. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Wepesi ambao watazamaji wa filamu waliustaajabia baadaye uliundwa katika kumbi hizo, ambako mwigizaji alilazimika kujifunza nafasi nyingi kwa muda mfupi. Mwaka 1931 alionekana katika Jumba la Maonesho la Kamerny chini ya mwongozaji Aleksandr Tairov. Mwaka 1936 alicheza nafasi kuu ya Vassa Zheleznova, katika tamthilia ya Maksim Gorky, kwenye jumba la maonesho la Jeshi Jekundu.

Kamera na mipaka yake

Filamu yake ya kwanza, Pyshka (1934), iliyoongozwa na Mikhail Romm kutokana na hadithi ya Guy de Maupassant, ilikuwa filamu bubu. Miaka mitano baadaye, Podkidysh (1939) ilimpa umaarufu ambao hakuupenda. Alicheza mke mwenye amri anayemkaripia mumewe, na sentensi moja ya mhusika huyo ikawa msemo wa mitaani uliomfuata maisha yake yote.

Lau historia yake ingeishia hapo, tungeweza kuamini kwamba alikuwa mchekeshaji tu. Mechta, yaani Ndoto, inaipinga tafsiri hiyo. Katika filamu hii ya Romm, iliyokamilishwa vita vilipokuwa vikianza mwaka 1941 na kuoneshwa mwaka 1943, Ranevskaya ni Rosa Skorokhod, mwenye nyumba ya kupangisha, mama ambaye upendo wake kwa mwanawe unamharibu mwana huyohuyo. Ubahili, majivuno na uchungu vinakaa katika uso mmoja bila kimoja kukifuta kingine. Ni uigizaji wa tanzia, na ni ushahidi usiohitaji msimulizi.

Uwezo huo ukijulikana hivyo, tukio la mwaka 1942 linahitaji kutazamwa kwa makini. Sergei Eisenstein alikuwa akiandaa filamu ya Ivan wa Kutisha na alimtaka Ranevskaya kwa nafasi ya Yefrosinya Staritskaya, shangazi wa mfalme anayepanga njama dhidi yake. Ivan Bolshakov, mkuu wa kamati ya serikali ya filamu, alimwandikia katibu wa chama, Aleksandr Shcherbakov, akipinga uteuzi huo. Hoja yake ilikuwa kwamba sura ya Kisemiti ya mwigizaji huyo ilionekana wazi mno, hasa katika picha za karibu. Nafasi hiyo ilichezwa na Serafima Birman.

Uzito wa barua hiyo uko katika lugha yake ya kiofisi. Hakuna aliyedai kwamba Ranevskaya hakuweza kuicheza nafasi hiyo. Kilichokataliwa ni uso wake. Hivyo, filamu mojawapo kubwa zaidi za zama zile ilipita bila yeye, na mtazamaji wa leo anayemkumbuka zaidi kama mama wa kambo katika Zolushka (1947) anatazama kilichobaki baada ya mchujo.

Heshima na mashaka

Dola hiyohiyo ilimtunuku. Alipata Tuzo ya Stalin mara tatu kati ya 1949 na 1951, na mwaka 1961 akapewa hadhi ya Msanii wa Watu wa Umoja wa Kisovieti. Tuzo ya kwanza ilikuja mwaka uleule ambao kampeni dhidi ya walioitwa "wakosmopolitani" iliwaandama wahakiki wa maonesho, wengi wao wakiwa Wayahudi. Heshima na mashaka vilitoka mkono mmoja. Kwa hiyo orodha ya tuzo haitoshi kuwa kipimo cha nafasi ya msanii katika jamii yake.

Hapa ndipo tatizo la visa linapoingia. Inasimuliwa kwamba katika tamthilia ya Shtorm, Ranevskaya alicheza mlanguzi kwa dakika chache tu, kwa nguvu kiasi kwamba watazamaji waliondoka baada ya onesho lake, na mwongozaji Yuri Zavadsky akakiondoa kipande hicho. Kisa hiki chapaswa kusomwa kama ushahidi wa jinsi alivyokumbukwa. Mamia ya misemo anayohusishwa nayo yanahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa mengi hayana chanzo kinachoweza kuthibitishwa. Yeye mwenyewe aliandika kumbukumbu zake kisha akaziharibu, na pengo hilo likajazwa na utani wa wengine.

Ushahidi wa mwisho

Ushahidi ulio bora zaidi ulipatikana uzeeni. Mwaka 1969, katika Jumba la Maonesho la Mossovet, Anatoly Efros aliongoza Dalshe — tishina, tamthilia ya wazee wawili wanaotenganishwa na watoto wao kwa kukosa pa kuwaweka. Ranevskaya, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, alicheza na Rostislav Plyatt. Rekodi ya televisheni ya mwaka 1978 imehifadhiwa. Ndani yake hamna kejeli ya kujificha nyuma yake: mwanamke anamwaga mumewe akijua hawatakutana tena, naye anajitahidi mume asilijue hilo.

Hitimisho

Ranevskaya alifariki Moscow Julai 1984. Ushahidi uliojadiliwa unaonesha kwamba urefu wa nafasi zake katika filamu haukupimwa kwa uwezo wake peke yake. Ulipitia pia madawati ya watu waliokuwa na rai juu ya uso upi unafaa kuonekana kwa karibu. Mtafiti anayeanza na misemo yake atapata mzee mcheshi. Anayeanza na Mechta, akaisoma barua ya 1942, kisha akaitazama rekodi ya 1978, atapata msanii wa tanzia aliyesubiri takriban miaka thelathini na mitano kabla ya kamera kumrudia kwa uzito uleule. Njia ya pili ni ndefu, lakini ndiyo inayomtendea haki.